Droni ya Mwanangu na Neno la Baba Mkwe

Jumamosi, mwezi wa tano. Mvua ilianza kabla sijaamka, na sasa ni mchana, bado haijakata. Mlima Rungwe hauonekani kabisa, hata nyumba ya jirani naiona nusu. Nimevaa sweta mbili, na moyo umekaa vibaya.

Kibanda sikufungua. Vitenge vyangu vyote nimevijaza kwenye mifuko ya sandarusi, nikakaa juu yake, ndipo ninapoandikia. Kwa nini nimevifunga nitasema mbele.

Nina hasira. Niliseme hilo kwanza, nisije nikajifanya mtakatifu katikati.

Kwa asiyenijua, mimi ni Mama Atupele, muuza vitenge wa hapa Tukuyu. Shule niliishia darasa la saba na sioni aibu, kwa sababu kichwa nilichonyimwa mimi alipewa mwanangu. Atupele wangu, binti, ni rubani wa droni. Ana kibali cha serikali chenye picha yake, na kwenye ile picha ni mimi mtupu. Kampuni ya parachichi inamtuma Kisiba, inamtuma Kawetele, anarusha lile lidude lao kubwa juu ya mashamba na kuwaambia mti upi unaumwa kabla mwenye shamba hajajua. Mtu akiniambia ana watoto sita nampa hongera, kisha namuuliza ni wangapi wanaorusha.

Ninaye huyo mmoja tu. Amenitosha.

Ukurasa huu alinifungulia yeye. Alisema, "Mama, una maneno mengi, yawekee mahali pake." Lakini kusoma hasomi, anasema ya mama yake anayasikia bure kutwa nzima. Na kule Ikuti, kwa wakwe zangu, hakuna anayeufahamu. Wifi yangu Subilaga simu yake ni ya vitufe. Kwa hiyo humu naweza kupumua.

Mbali na ile ya kampuni, Atupele ana droni yake ndogo ya kukunja, inaingia kwenye mkoba wa kawaida. Ina vipangaboi vinne vya kuirusha, kila kimoja urefu wa kidole changu na ushee. Usidanganyike na udogo wake. Ikiwa juu kabisa inalia kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Ikishuka, ile sauti inabadilika, inakuwa kali, inachoma, kama mtu amekuwekea mashine ya kunyolea ndani ya sikio. Atupele alishanieleza kwamba pangaboi likiwa dogo linalazimika kuzunguka kwa kasi sana ili libebe mzigo, na hiyo kasi ndiyo inayopiga kelele. Mimi nilikuwa naipenda. Ikipita juu ya soko na wauza ndizi wakainua vichwa, nilikuwa nasema kwa sauti, "Msiogope, jamani, ni mwanangu."

Siku hizi nikiisikia inawashwa, naingia ndani nafunga mlango.

Kwetu mwanamke haonani uso kwa uso na baba mkwe wake. Najua siku hizi wasichana wanapiga naye picha mashavu yamegusana, lakini yule mzee wa Ikuti, pamoja na Biblia yake ya kila Jumapili, hili hakuliacha. Tangu nilipoletwa pale bibi harusi sikuwahi kumtazama usoni. Akija njia hii, mimi naingia migombani. Chakula nikipika, Subilaga anapeleka. Akiwa na neno kwangu, anamwambia mtu, nami nipo nyuma ya ukuta nasikia yote, "Mwambieni mke wa Ambakisye." Ambakisye ndiye mume wangu. Kikohozi chake yule mzee nilikijua, mburuzo wa ndala zake niliujua. Ile sauti ndiyo baba mkwe niliyekuwa naye.

Na ile sauti ilinitesa. Atupele alipofikisha miaka mitatu ilianza: "Mwambieni mke wa Ambakisye, tunasubiri wa pili." Kila tukienda Krismasi, tunasubiri. Kila Pasaka, tunasubiri. Nilishapoteza mimba, yeye akiwa anajua, bado anasubiri. Ikafika mwaka akanyamaza, na ule unyamavu ulikuwa mbaya kuliko maneno. Nilitaka kujua kama amesamehe au ameniandika tasa wa mtoto mmoja. Nilitaka kujua kama huyu mjukuu wake anayerusha vitu angani anamhesabu kuwa mtu kamili.

Hilo tu ndilo nililokuwa nalitafuta kwenye mdomo wake. Hilo tu.

Mzee wa kwetu akiona safari imekaribia, haondoki na neno tumboni. Anabebwa hadi uani, watoto na wakwe wanaitwa mmoja mmoja, na kila mmoja anaambiwa kilichokuwa kinamuuma mzee juu yake, chote, kisha anaachiliwa. Mzee anachukua maji kinywani anampulizia, na yule mtu anaitikia, "Nimesikia." Hapo limekwisha. Halirudiwi. Mzee akilirudia ni kama ameimeza tena hasira yake, na hiyo inaleta magonjwa kwa watoto. Kwa hiyo ukisema umesikia, umesikia. Umekubali na kilichomo.

Baba mkwe alituita Jumapili moja ambayo jua lilitoka.

Nilimwambia Atupele abebe droni. Nilitaka ibaki kumbukumbu, ndiyo, lakini niseme kweli, nilitaka pia Ikuti yote ione. Nilishona kitenge kipya cha samawati, mabega yamesimama. Pale njiani mwanangu aliniambia pangaboi moja lina pengo, liligonga tawi la parachichi, anaomba asirushe hadi alibadilishe, maana likiwa na pengo linapiga kelele zaidi.

Nikamwambia, "Nani atakayeangalia pangaboi? Rusha. Zamu yangu ikifika nitapunga mkono, ishushe karibu nionekane vizuri."

"Mama, ikishuka hamtasikilizana."

"Kelele ya mwanangu haimkeri mtu."

Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu.

Mzee alikalishwa kwenye kiti cha mianzi. Subilaga alisimama ubavuni pake na kikombe cha maji, kama alivyosimama ubavuni pake miaka yote aliyomuuguza. Mzee wa kanisa akafungua kwa sala. Akaitwa mume wangu, akaambiwa yake, akapuliziwa, akaenda kukaa kule kwa wanaume. Droni ilikuwa juu sana, inanung'unika tu. Ikaja zamu yangu. Nikaja nikakaa kwenye mkeka katikati ya uwanja, nimempa mzee mgongo, uso kwenye migomba, kitenge kichwani. Ndiyo heshima yetu. Mbele yangu nawaona wanawake wa ukoo wamejipanga, na nyuma yao mwanangu na rimoti yake, amesimama kama askari.

Nikapunga mkono.

Ikashuka. Na wakati inashuka nikaisikia ile sauti nyuma yangu, nyembamba, imebaki pumzi tu, ikisema, "Mke wa mwanangu."

Hakusema mwambieni. Aliniita mimi mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

Baada ya hapo nilisikia vipangaboi tu. Majani ya migomba yalipigana, kuku wakakimbilia chini ya banda, kitenge kikanifunika macho. Lile pangaboi lenye pengo lilikuwa linapiga mluzi unaoingia kwenye meno. Nilijua anaongea nyuma yangu, kwa sababu wanawake walikuwa wanamtazama yeye. Ningeweza kupunga mkono ipande. Sikupunga. Nilifikiri, akimaliza nitamuuliza mtu. Kisha macho yao wote yakahamia kwangu, na mmoja akanitikisia kichwa kwamba nijibu.

Nikajibu kwa sauti ya juu, na uso nimeuinua kidogo kwa ajili ya kamera: "Nimesikia, baba. Ndaga."

Ndaga ni asante. Nilimshukuru.

Jioni ile tukaangalia picha kwenye simu ya Atupele. Nikaona uso wa baba mkwe. Mtu niliyemkimbia migombani ujana wangu wote, kumbe ana macho madogo ya upole kama ya Atupele, na kovu kwenye nyusi ambalo hakuna aliyewahi kunisimulia. Anasogeza midomo, anatulia, anatazama juu kwenye droni, anasogeza tena midomo, safari hii kwa muda mrefu. Anapuliza maji, na upepo wa vipangaboi unamrudishia usoni. Mgongo wangu mimi ulibaki mkavu. Subilaga pembeni ameshika kikombe kwa mkono mmoja, na mkono mwingine ameweka kichwani, anazuia kilemba kisipeperuke.

"Ongeza sauti," nikamwambia mwanangu.

"Haina sauti, Mama."

"Ongeza."

"Hizi ndogo haziwekwi kinasa sauti. Wangeweka, ungesikia vipangaboi tu."

Hata ile kelele yenyewe haimo. Anayeiangalia picha ile anaona siku tulivu, mzee anaongea, mkwewe kapendeza.

Nikamuuliza mume wangu. "Tulikuwa mbali," akasema, "na mashine ilikuwa inalia. Si wewe uliyejibu umesikia?" Wanawake wa ukoo nao walikuwa ng'ambo ya droni, wao wakanitania tu: "Mwenyewe umeshukuru, sisi tunajua nini?" Alibaki Subilaga, aliyekuwa hatua moja kutoka kwenye mdomo wa mzee.

Nilimfuata Ikuti kabla mzee hajafariki. Nilimkuta anamenya ndizi, nikachukua kisu nami nikamenya, nikajifanya limenijia tu.

"Wifi, siku ile baba alisemaje kwangu?"

Akaendelea kumenya. "Si ulisikia."

"Kelele ilikuwa nyingi."

"Ulishukuru, wifi. Kwa sauti. Mimi nikajua kweli huyu kaguswa."

"Nisaidie, mama. Wewe ulikuwa pale."

Ndipo akaniangalia. Mikono yake imeungua na maji ya moto, ana harufu ya dawa za mzee, macho hayajalala. Alisema bila kupandisha sauti, "Mimi nimembeba baba chooni miaka yote hiyo, wewe unakuja na kitenge kipya. Ulitaka uonekane, wifi. Umeonekana."

Akachukua sufuria ya ndizi zote, hata nilizomenya mimi, akaingia jikoni. Kule ndani mzee akakohoa. Kile kikohozi nilichokijua. Nilikuwa nimetenganishwa naye na ukuta wa matofali tu, na sikuwa na ruhusa ya kuuliza wala yeye hakuwa na ruhusa ya kurudia.

Wiki iliyofuata akafariki.

Msibani maneno yakaanza. Nilikuwa nasafisha vyombo nikawasikia: kile kinyuki cha kuruka ndicho kilichomwitia mzee kifo. Kile kinyuki kilimziba mdomo. Msichana gani huyu asiyeolewa anayemrushia babu yake mavumbi? Mwanangu alikuwa anapita na ndoo ya maji, akasikia, akapita kama hajasikia. Jioni nikamkuta nyuma ya banda anang'oa lile pangaboi lenye pengo, machozi yanadondoka kwenye bisibisi. Nikakaa karibu naye.

Jana matanga yaliisha. Ukoo ukakaa, na Mjomba Gwakisa, ndugu wa mama mkwe wangu, akashika kikao. Ajenda ilikuwa moja: nani atakaa na mama mkwe. Amebaki mwenyewe, magoti yamekataa, masikio yamekufa, na usiku anaamka kumtafuta mzee.

Nilikuwa nimetulia. Nilijua ni Subilaga, maana ndiye aliyekuwepo siku zote.

Subilaga akasimama, mikono kifuani, mpole. "Mjomba, hilo baba alilimaliza mwenyewe. Alimwambia mke wa kaka, siku ile ya maji. Alimwambia aache mji, aje akae na mama hadi mwisho. Naye akakubali mbele yenu."



Mjomba akanigeukia. "Mama Atupele, ndivyo alivyosema mzee?"

Nikamtazama mume wangu. Anatazama viatu vyake. Nilitaka kusema sikusikia neno, Mjomba. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini mzee mmoja wa ukoo, mdomo wake mkali tangu zamani, akaingilia. "Aseme wazi. Kama hakusikia kwa sababu ya kile kidude, aseme pia, ili yule binti naye asimamishwe hapa. Aliyemziba babu yake mdomo siku ya maneno ya mwisho hawezi kuachwa akizurura nacho. Jina hilo litamfuata hadi kwa watakaotaka kumwoa."

Atupele alikuwa amekaa kwa wasichana, amefunga khanga kiunoni. Aliniangalia. Yeye aliniambia hamtasikilizana. Yeye aliniambia lina pengo. Kama angesimamishwa angelisema hilo, na wasingemwamini, au wangemwamini na kuona mwana anamshtaki mamaye. Na kile kibali chenye picha, na ile kampuni, na vyote nilivyovitangaza pale sokoni kwa sauti yangu kubwa, vingegeuka kuwa binti aliyemziba babu mdomo. Rungwe nzima ingejua kabla ya Jumapili.

"Ndivyo," nikasema. "Alisema nije nikae na mama. Nami nilimjibu nimesikia."

Wakapiga makofi mepesi. Mama mkwe, ambaye hakusikia kikao chochote, akauliza kwa sauti kubwa kama viziwi wanavyouliza, "Wanasemaje?" Wakamwinamia sikioni wakamwambia. Akanyoosha mkono hewani ananitafuta, nikaenda nikaushika. Mkono mwepesi kama jani kavu. Yeye hana kosa. Alinipokea vizuri tangu siku ya kwanza, na nitamwogesha vizuri, nitampikia vizuri, atanenepa hadi ukoo uone haya. Hilo mniamini.

Mume wangu atabaki mjini kwa sababu ya kazi. Kibanda nimempa mwanamke wa jirani. Subilaga anakwenda Mbeya kwa rafiki yake, ameshafunga begi.

Jana baada ya kikao alinisindikiza hadi kwenye njia. Kulikuwa na manyunyu. Nilidhani atanicheka, nilijiandaa kwa hilo, nilikuwa na jibu tayari. Akanishika bega kwa upole kabisa, kama ndugu.

"Wifi," akasema, "na mimi sikusikia kitu. Kile kidude kilikuwa kinapasua kichwa."

Kisha akarudi zake nyumbani, akiruka madimbwi, mtu aliyetua mzigo.

Nimekaa na ile picha tangu asubuhi. Nimeirudia hadi simu imepata moto. Ule mkono wa Subilaga niliodhani unashika kilemba, uko chini ya kilemba. Uko sikioni. Ulikuwa sikioni tangu mwanzo, na mimi kila nikiiangalia nilikuwa najitazama mwenyewe na kitenge changu cha samawati.

Kwa hiyo baba mkwe alisema neno lake, lote, refu, kwa pumzi zake za mwisho, na hapa duniani hakuna aliyelipata. Labda alisema hasubiri tena. Labda alisema Atupele ametosha. Labda alisema kweli nije nikae na mama, na Subilaga alipatia kwa kubahatisha. Mama mkwe jana usiku ameshaniuliza kwa simu ya mtu, anapiga kelele kwenye laini, "Mzee wangu alikuambia nini, mwanangu?" Nami nikapiga kelele hadi akasikia, nikamwambia alisema tupendane. Akacheka kwa furaha. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

Atupele amerudi sasa hivi, amelowa, ana vipangaboi vipya kwenye pakiti. Anasema hivi vimetengenezwa kupunguza kelele. Ameviweka mezani mbele yangu, anasubiri nimsifu, kama nilivyomzoesha.

Nimemsifu. Nimemwambia hakuna kama yeye wilaya nzima, na ni kweli.

Jumatatu nahamia Ikuti. Kitenge cha samawati nimekifunga chini kabisa ya mfuko. Je, kule nitakapokuwa nafagia uwanja ule, nikafika pale kilipokuwa kile kiti cha mianzi, nitageuka sasa nipatazame, au bado nitapageuzia mgongo?